Mizigo Mbele, Abiria Nyuma

Kila siku ya kazi, saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Dirisha alifungua dirisha lake. Jina hilo alipewa na madereva, na lilimkaa vizuri kuliko la kuzaliwa. Dirisha lenyewe lilikuwa la stoo ya vitu vilivyosahauliwa, kwenye kituo kikuu cha mabasi. Ukiacha mwavuli ndani ya basi, utakwenda kwake. Ukiacha begi, utakwenda kwake. Ukiacha meno ya bandia, na watu huyaacha, utakwenda kwake ukiwa umeziba mdomo kwa kiganja.

Kabla ya hapo alikifagia kituo hicho kwa miaka tisa. Ni kazi ya halali na hakuionea haya. Lakini magoti yalianza kumsema, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa kelele. Kwa hiyo karani wa zamani alipostaafu, naye akapewa kiti chake kwa majaribio ya miezi mitatu, alishukuru mpaka machozi yakamtoka. Sasa miezi miwili na nusu ilikuwa imepita. Kiti alikipenda, dirisha alilipenda, na watu waliokuja wamenuna wakaondoka wakicheka aliwapenda zaidi.

Jumatatu hiyo mteja wa kwanza alikuwa mwanamume mwenye tai.

“Nimepoteza begi,” alisema. “Jeusi.”

“Pole, kaka. Mabegi meusi ninayo kumi na saba. Lako ni kubwa au dogo?”

“La wastani.”

“Jipya au kuukuu?”

“Kuukuu kidogo.”

“La ngozi au la kitambaa?”

“La ngozi. Na zipu yake ya pembeni imekufa.”

Mama Dirisha aliingia ndani akatoka na begi kabla mwenye tai hajamaliza kujipangusa jasho. Siri yake ilikuwa moja tu. Alijua kuuliza sifa za kitu. Neno “begi” peke yake halimtambulishi mwenyewe. Sifa ndizo zinazomtambulisha.

Kwa Kiswahili, basi, hakuwa na mpinzani. Balaa lilikuwa kwenye kompyuta. Mabasi ya kampuni yalivuka mipaka, na vituo vyote vilitumia orodha moja iliyoandikwa kwa Kiingereza, ili kitu kikipotea huku kiweze kutafutwa kule. Kiingereza Mama Dirisha alikipata shuleni kidogo, kingine akakiokota kwenye matangazo. Kwa hiyo alichukua maneno ya Kiswahili akayabadilisha moja moja, kama yalivyokuja. Begi kubwa jeusi aliliandika ‘bag big black’. Mabegi matatu mekundu yakawa ‘bags reds threes’, kwa sababu aliona si haki wingi kukaa kwenye neno moja na mengine yakaachwa hivihivi.

Saa nne mkuu wa stoo alimwita ofisini. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akikasirika hapazi sauti, na ndiyo maana watu walimwogopa.

“Mama, vituo vingine vinalalamika,” alisema. Alikuwa na karatasi mkononi. “‘Bags reds threes.’ Mwenzako wa kituo cha mpakani ameniuliza kama ‘Threes’ ni kampuni ya kutengeneza mabegi.”

Mama Dirisha alitazama sakafu. Aliijua sana sakafu ile.

“Orodha yako ina mistari mia moja na kumi na mbili,” mkuu aliendelea. “Irekebishe mpaka Ijumaa. Ikisomeka, utabaki. Isiposomeka, nitalazimika kukurudisha kwenye usafi. Sipendi, lakini vitu vya watu vinapotea mara mbili. Mara ya kwanza kwenye basi, mara ya pili kwenye kompyuta yetu. Na Jumamosi kuna mnada wa vitu visivyo na wenyewe.”

“Nimeelewa, mkuu.”

“Halafu yule mama wa barua ameandika tena. Hii ni mara ya tatu.” Akamsogezea barua. “Una hakika hatuna?”

Mama Dirisha aliisoma sentensi iliyopigiwa mstari: ‘I lost my late father's small silver pocket watch.’ Akaipasua kimoyomoyo kama alivyofanya mara mbili za mwanzo. ‘Pocket’ ni mfuko. ‘Watch’ ni saa. Basi ni mfuko wa saa, mdogo, wa rangi ya fedha. Na ‘late father’ ni baba aliyechelewa. Huyo mzee bila shaka alikuwa anakimbilia basi, akaudondosha mfuko wake.

“Hatuna, mkuu. Nimetafuta.”

Na kweli alikuwa ametafuta, tena kwa bidii.

Jioni nyumbani alijikaza kisabuni, lakini mumewe alimjua. Mumewe alikuwa kinyozi, na vinyozi husoma nyuso za watu kutwa nzima.

“Mama watoto, leo una uso wa mtu aliyekatwa nywele asivyotaka.”

Akamweleza yote. Kinyozi akasikiliza, kisha akajitolea kusaidia.

“Kiingereza mbona kitu kidogo. Kibao changu nani alikiandika?”

“Ndiyo maana naogopa,” alisema Mama Dirisha. Kibao cha kinyozi kilisema ‘HOUSE HAIR GOOD’, na wageni wawili walishawahi kusimama chini yake wakakipiga picha.

“Basi nenda kwa Bi Taipu. Kuuliza si ujinga.”

Bi Taipu alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alipiga chapa barua za maofisini kwa miaka thelathini na moja, na vidole vyake vilikuwa bado vikichezacheza mezani anapozungumza. Mama Dirisha alimkuta barazani akianua nguo. Alimpa karatasi za orodha. Bi Taipu akavaa miwani, akasoma mistari mitatu, akacheka mpaka akashikilia nguzo.

“Samahani, mwanangu. Sikucheki wewe. Nacheka hili.” Akaonyesha mstari mmoja. “Umeandika ‘bottle baby’. Ulikuwa na maana gani?”

“Chupa ya mtoto. Ya maziwa.”

“Kwa Mwingereza huyo ni mtoto. Mtoto anayenyonya chupa. Mmemweka stoo?”

Mama Dirisha akacheka naye, ingawa moyo haukuwepo.

“Kaa hapa,” Bi Taipu alisema. “Kila siku unaona abiria wakishuka. Katika Kiswahili, jina la kitu ndilo abiria, na sifa zake ndizo mizigo. Abiria anaingia kwanza, mizigo inamfuata. Begi, kisha kubwa, kisha jeusi. Sivyo?”

“Ndivyo.”

“Kwa Kiingereza mizigo inatangulia. Unaona sanduku linaingia mlangoni, kisha kikapu, kisha godoro, na mwishoni kabisa ndiyo unamwona mwenyewe. ‘Big black bag.’ Mizigo mbele, abiria nyuma.”

Mama Dirisha aliandika kwenye daftari: ‘big black bag’. Akalitazama. Lilionekana kama koti lililovaliwa nyuma mbele.

“Sasa hizi ‘reds’ na ‘threes’. Kwetu sifa inafuata ngeli. Mtoto mdogo, kisu kidogo, mabegi madogo. Kivumishi cha Kiingereza ni kivivu, hakijisumbui. Kiwe kimoja au mia, ‘red’ ni ‘red’. Wingi unabebwa na jina peke yake. Andika mabegi matatu mekundu.”

“‘Three red bags’,” Mama Dirisha alisema polepole.

“Umeona? Na hapo umetumia aina mbili. ‘Red’ ni kivumishi cha sifa, kinasema kitu kikoje. ‘Three’ ni cha idadi, kinasema ni vingapi. Cha idadi hukaa mbele ya cha sifa. ‘Many’ na ‘few’ nazo ziko kundi hilohilo.”

“Na nikitaka kusema begi hili?”

“‘This bag.’ Hiyo ‘this’ ni ya kuonyesha. Hapa ndipo uvivu unakoma, maana za kuonyesha hubadilika. Begi moja ‘this’, mabegi mengi ‘these’. La mbali ‘that’, ya mbali ‘those’. Ni hizo tu.”

“Na begi langu hili ni ‘this my bag’?”

“Ala, wapi. Sisi tunasema langu hili bila taabu. Kwao ‘this’ na ‘my’ hazikai kiti kimoja. ‘My’, ‘your’, ‘her’ ni za kumiliki. Chagua moja: ‘this bag’ au ‘my bag’. Nyingine ishuke ingoje basi lijalo.”

Walikwenda hivyo mpaka nguo zote zikakunjwa, kwa sababu Bi Taipu hakukubali mkono ukae bure. Kila nguo iliyochukuliwa ilikuwa swali. Mama Dirisha akiikunja soksi anasema ‘two small white socks’. Akikosea, anaikunjua. Waliongeza ‘each’ na ‘every’, zinazovigawa vitu kimoja kimoja, na Bi Taipu akamwonya kwamba baada ya hizo jina hubaki katika umoja: ‘every bag’, kamwe si ‘every bags’. Waliongeza ‘which’ na ‘whose’.

“Hizo ni za kuuliza,” alisema Bi Taipu. “‘Which bag?’ Begi lipi? ‘Whose bag?’ Begi la nani? Wewe ndiyo kazi yako kutwa.”

“Na sifa zikiwa nyingi? Begi zuri kubwa kuukuu la kahawia la ngozi?”

“Zina foleni yao. Inaanza maoni yako, kisha ukubwa, kisha umri, kisha rangi, kisha linatoka wapi, kisha limetengenezwa kwa nini. ‘A nice big old brown leather bag.’ Likitoka Japani, ‘Japanese’ inakaa kabla ya ‘leather’, na herufi yake ya kwanza iwe kubwa. Usijali kuikariri yote leo. Mtu akirukia foleni kidogo, watu wataelewa. Akisimama nyuma ya jina, hapo ndipo wanapotea.”

“Kwa hiyo sifa haiji nyuma hata siku moja?”

“Huja, kama kuna ‘is’ au ‘are’ katikati. ‘The bag is black.’ Hiyo ni sentensi kamili, iko sawa.” Bi Taipu akavuta nguo nyingine. “Ila kuna maneno machache yanayobadilika maana yakihama. ‘My father is late’ ni baba amechelewa. Lakini ‘my late father’, mbele ya jina, ni marehemu baba.”

Mama Dirisha aliacha kukunja shati.

“Rudia, Bi Taipu.”

“‘Late father’ ni marehemu baba.”

“Na ‘pocket watch’?”

“Hiyo ni aina nyingine tena. Jina linaazimwa, linafanya kazi ya kivumishi. Lile la mwisho ndilo kitu chenyewe, la mbele linakieleza tu. ‘Pocket watch’ ni saa. Saa ya mfukoni. Ukigeuza ukasema ‘watch pocket’, huo ni mfuko wa kutilia saa. Una nini, mwanangu? Umebadilika.”

Saa ya mfukoni alikuwa nayo. Ililetwa na kondakta katika wiki yake ya pili kazini, ndogo, ya fedha, imefungwa kwenye leso. Aliiandika kwa mkono wake mwenyewe: ‘watch pocket’. Mama wa watu aliandika barua tatu kutafuta saa ya marehemu baba yake, na mara tatu yeye alimjibu hatuna, na muda wote saa ilikuwa kwenye kabati, hatua nne kutoka kwenye kiti chake. Jumamosi ingepigwa mnada. Mama Dirisha alilia palepale barazani, na Bi Taipu akamwacha alie.

Alipomsimulia mumewe, kinyozi alifikiri upesi.

“Rahisi. Kesho badilisha lebo. Useme imeonekana nyuma ya kabati. Nani atajua?”

“Nitajua mimi.”

“Wewe ukijua hufukuzwi kazi. Mkuu akijua, unafukuzwa.”

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Siku mbili zilizofuata alirekebisha mistari yake, mmoja baada ya mwingine, na jioni akampelekea Bi Taipu akague. ‘Box lunch’ ikageuka ‘lunch box’. ‘Case glasses’ ikageuka ‘glasses case’. Kazi ilikwenda, na mikono yake ilianza kuyapanga maneno yenyewe. Lakini saa aliiruka kila alipoifikia. Akiigeuza kimyakimya, orodha itang'aa, mkuu atafurahi, na kiti kitakuwa chake. Ila atakikalia kwa uongo, na dirisha lile watu hulijia kwa kuamini.

Alhamisi asubuhi alichukua leso, akapiga moyo konde, akabisha hodi kwa mkuu. Akaifungua leso mezani.

“Mkuu, hii ndiyo saa ya yule mama. Iko kwetu tangu wiki yangu ya pili. Niliiandika kinyume. Na barua zake pia nilizisoma kinyume. Nilidhani anatafuta mfuko.”

Mkuu aliitazama saa. Alimtazama yeye. Alichomoa kalamu moja akairudisha.

“Ungeweza kubadilisha lebo,” alisema.

“Ningeweza.”

“Nisingejua.”

“Najua, mkuu. Lakini kama nimekosea hii, huenda zipo nyingine. Nimezikagua zote upya. Zilikuwa tano zilizogeuka hivyo. Hizi hapa, na vituo vilivyowahi kuziulizia nimeviandika pembeni. Watu watatu walivitafuta vitu hivi kupitia vituo hivyo, tukawajibu hatuna.”

Mkuu aliichukua karatasi akasoma kwa muda mrefu.

“Mpigie simu huyo mama,” mkuu alisema hatimaye. Kisha akainamia karatasi zake, na kwa mtu kama yule hakuna awezaye kubashiri.

Ijumaa saa tano yule mama wa barua alishuka kwenye basi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani minene na mkoba uliobanwa kwapani. Mama Dirisha alimtambua kabla hajafika dirishani, kwa jinsi alivyotembea kama mtu anayeogopa kutumaini. Hata hivyo alimuuliza kama anavyomuuliza kila mtu, kwa sababu kitu hakitoki bila sifa.

“Ni saa ya aina gani, dada?”

“Ndogo. Ya fedha. Kifuniko kina mkwaruzo hapa pembeni. Baba alikuwa akikifungua kwa kucha.”

Mama Dirisha aliiweka saa kwenye kiganja chake. Mwanamke yule alitafuta mkwaruzo kwa kidole gumba kabla hajaitazama. Alipoupata, alifumba macho. Kisha akaitia ufunguo, taratibu, akaiweka sikioni, na akasimama hivyo huku foleni nzima nyuma yake ikingoja.

“Barua ya tatu nusura nisiiandike,” alisema. “Nilifikiri Kiingereza changu ndicho kibovu.”

“Kiingereza chako hakikuwa na kosa, dada. Mimi ndiye niliyekisoma kutoka nyuma. Nisamehe.”

Mwanamke alimtazama kwa macho yenye machozi, kisha akaanza kucheka. “Kutoka nyuma? Umesomaje?”

“Nilidhani ni mfuko, na baba yako amechelewa basi.”

“Alikuwa akichelewa kweli,” alisema yule mama, akicheka na kulia kwa pamoja. “Maisha yake yote, mzee yule. Na saa anayo mfukoni.”

Wakashikana mikono kupitia dirishani kama ndugu.

Alipoondoka, mkuu alitokea mlangoni na bahasha. Hakuketi. Aliiweka mezani, akasema orodha imepokewa vituo vyote na hakuna aliyelalamika, na wawili kati ya wale watatu wanakuja kuchukua vitu vyao. Kisha akaongeza kwa sauti yake ileile ndogo, “Wenye kujua Kiingereza nitawapata. Anayeniletea kosa lake mwenyewe mezani, huyo simpati.” Akaenda zake.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Mama Dirisha aliifungua. Wiki moja nyuma angeisoma kinyume. Sasa aliisoma mwenyewe, neno kwa neno, mpaka mstari wa mwisho uliosema kuanzia mwezi ujao kampuni inamtambua kama ‘our permanent clerk’.

‘Our’ ni ya kumiliki. ‘Permanent’ ni ya sifa. Na nyuma yao, baada ya mizigo yote kupita, abiria mwenyewe alikuwa anaingia mlangoni. Karani wetu wa kudumu.

Aliikunja barua akaitia kifuani. Kisha akasogeza kiti karibu na dirisha, akamuuliza aliyefuata kwenye foleni amepoteza nini.